Kijana wa vyungu wa Himbi: nyota nne, na ile ya tano nimeibana kwa sababu

Mimi ni mshonaji. Atelie yangu iko Katindo, hapa Goma, chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kioo upande wa barabara, na chini ya dirisha hilo nimepanga vyungu kumi na kimoja vya maua. Wapo wateja wanaosema waziwazi kwamba huingia kuangalia majani, nguo ni kisingizio. Kwa hiyo mlimau wangu ulipoanza kugeuka rangi, kwangu ilikuwa kama kibao cha duka kimeanguka.

Mlimau wenyewe unakaa ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini kwa msumari wa moto. Una miaka mitatu. Mwezi wa tatu majani mapya yakaanza kutoka ya manjano, kama kitambaa kilichochovywa kwenye bizari, ila mishipa ikabaki kijani kibichi, nyuzi nyembamba zilizochorwa moja moja kama nakshi. Nikubali kosa langu: mwanzoni niliyapenda. Nilimwonyesha mteja mmoja nikamwambia labda ndiyo aina yake. Majani ya zamani, yale ya chini, yalikuwa bado kijani kabisa, nikajipa moyo. Kisha yakaja mengine madogo zaidi, karibu meupe, kingo zimeungua, na tawi la juu likakauka.

Hapo ndipo kila mtu akawa mganga. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza sombe (majani ya muhogo), aliniletea kopo la jivu la mbabula, yaani jiko la mkaa: "Weka hii, hata ndizi zangu zinapendaka." Nikaweka. Dada yangu wa Lubumbashi akanitumia sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp kuhusu chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, unyunyizie majani. Nikaitafuta famasi mbili, nikaipata, nikanyunyiza. Nikapita tena kwenye duka moja la vitu vya nyumbani, sitalitaja, nikanunua chupa ya mbolea ya maji kwa dola 8. Rangi yake kijani ya kupendeza, picha ya waridi mbele, maandishi yote kwa Kifaransa. Karatasi ilisema kifuniko kimoja kila wiki mbili. Mimi niliweka viwili kila wiki, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa.

Baada ya mwezi udongo ulikuwa na utando mweupe juu kama chumvi ya makayabu, wale samaki wakavu, na hata majani ya chini, yale yaliyokuwa mazima, yalianza kuungua kingo. Nikashika tama.

Mteja mmoja ndiye aliyenielekeza kwa kijana anayeuza miche na vyungu kando ya barabara kule mtaa wa Himbi, upande wa ziwa. Utamtambua kwa vyungu vyake vya saruji alivyovipaka rangi na kwa mrundo wa kokoto za lava alizozichekecha kwa saizi tatu. Kumleta nyumbani ni dola 5, na moto yake, yaani pikipiki, unalipa wewe. Mimi nililipa franka 2,000 kwenda na kurudi, baada ya mabishano. Alisema atafika saa nne. Alifika saa tisa na nusu. Hii si ile nyota niliyoibana. Katika mji huu nikimnyima mtu nyota kwa kuchelewa, nitaanza na nafsi yangu, kwa maana wako wenye suruali zao kwangu tangu Pasaka.

Alipoingia sikumpeleka kwa mlimau. Nilitaka nione kama atauona mwenyewe. Alipita moja kwa moja akaenda kwa ua la majani ya moyo, pothos, lile linalotambaa juu ya rafu ya nyuzi. Lilikuwa limeacha majani ya chini yakiwa ya manjano kote, jani zima, mishipa na yote, na huku juu linaendelea kutoa majani mapya madogo ya kijani kilichofifia. Akaniuliza liko kwenye udongo huo tangu lini. Nikasema tangu nihamie hapa, miaka minne. Akacheka. "Hii iko na njaa ya kweli, mama."

Halafu ndipo akanionyesha mlimau, na hapa ndipo nilipoona kwamba dola 5 zangu hazikwenda bure. Akaniuliza swali moja ambalo jirani, dada yangu na chupa hawakuliuliza: ugonjwa ulianzia majani ya chini au ya juu?

Alinieleza akiwa amechuchumaa, ameshika jani la pothos mkono mmoja na la mlimau mkono mwingine. Mmea una vyakula ambavyo unaweza kuvihamisha. Naitrojeni ni kimojawapo, potasiamu na magnesiamu pia, hata fosforasi. Vikipungua, mmea unamnyang'anya mkubwa ili mdogo ale, kama nyumba zetu zinavyofanya, mama anakunywa chai tupu ili watoto wapate ugali. Ndiyo maana majani ya zamani ndiyo yanayoumia kwanza. Likipauka lote sawasawa, ni naitrojeni. Likiungua pembeni kuanzia kingo, fikiria potasiamu. Likipauka katikati ya mishipa na bado ni jani la zamani, fikiria magnesiamu. Lakini chuma hakihami. Chuma kikishaingia kwenye jani kimekaa hapo, hakitoki kwenda kumsaidia mdogo. Kwa hiyo chuma kikikosekana wakubwa wanaendelea kung'aa, na wanaozaliwa ndio wanaotoka wa manjano na mishipa ya kijani. Kalsiamu nayo ni hivyo hivyo, haihami, ila yenyewe inaharibu umbo: ncha changa zinajikunja na kufa.

"Basi haina chuma," nikasema. "Nitatia misumari." Maana hilo pia nilikuwa nimeambiwa.

"Mama, chuma iko. Hii udongo yetu ya volkano iko na chuma mingi. Chakula iko mezani, mudomo njo imefungwa." Kisha akaniuliza: "Unaimwangiaka maji ya wapi?"

Ya bomba, nikamjibu, ya wapi tena?

Akatoa kwenye mfuko wake chupa ya soda yenye maji ya zambarau. Nilidhani ni dawa, nikaanza kuhesabu bei kichwani. Kumbe ni kabichi ya zambarau, kaikata vipande vidogo, kaimwagia maji moto, kaichuja. Alisema zamani alikuwa na vile vikaratasi vya kupimia uchachu, vikaisha, na kabichi haiishi sokoni. Akaomba vikombe viwili vyeupe. Kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya mvua kutoka pipa langu la nyuma, akadondosha zambarau kidogo kila kimoja. Kikombe cha mvua kilibaki zambarau inayoelekea kwenye waridi. Cha bomba kiligeuka buluu, kisha buluu ya kijani, rangi niliyowahi kuiona kwenye satini moja ya Dubai. Wasaidizi wangu wawili waliacha cherehani wakaja kuangalia.

Maji ya bomba hapa Goma yanapampiwa kutoka ziwani, na Ziwa Kivu si maji matamu ya kawaida. Chemchemi za chini zinazotoka kwenye miamba ya volkano zimelijaza chumvi za madini, na pH ya maji ya juu, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ni katikati na kikipanda uchachu unapungua, inakaribia 9. Katika udongo unaomwagiliwa maji ya namna hiyo chuma kinaganda, mizizi inakigusa lakini haiwezi kukimeza, na machungwa na malimau ni miongoni mwa mimea inayoumia mapema kwa jambo hilo. Halafu mimi juu yake nikatia jivu, ambalo kazi yake ni kuondoa uchachu. Mama wa sombe hana kosa, ndizi zake ziko nje, zinanyeshewa mvua.

Na chumvi ya Epsom? Hapo alicheka mpaka akakaa chini. Chumvi hiyo ni magnesiamu, na maji ya Kivu yana magnesiamu tele, mengi kuliko kalsiamu. Kila asubuhi nilikuwa ninaumwagia mlimau kile kitu dada yangu alichonituma nikinunue famasi. Simlaumu. Lubumbashi wana udongo mwekundu uliochujwa na mvua na wana maji yao, na huenda kwake imemsaidia. Ila tangu siku hiyo, mtu akinipa dawa ya ua namuuliza kwanza anakaa mji gani.

Nilimuuliza kama nikitia siki kidogo kwenye maji ya bomba haitatosha. Akasema jaribu. Nikatia kijiko kimoja kwenye bidoni ya lita 20, nikatikisa, tukapima kwa kabichi: buluu ile ile, haikusogea hata kidogo. Alisema maji haya yanaweza kumeza siki nyingi bila kubadilika, ningehitaji kikombe kizima na zaidi kwa bidoni moja, na mlimau si kachumbari.

Matibabu yake yalikuwa haya. Chupa ya kijani iwekwe pembeni. Utando mweupe ukwanguliwe pamoja na udongo wa juu wenye jivu. Halafu ndoo ipelekwe nje, imwagiwe maji ya mvua mpaka yatoke chini, tena na tena, mara tatu ya ujazo wa chungu. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni bidoni tatu za mvua, na tulikuwa tunaingia kiangazi. Nilimwangalia kama mtu aliyeniomba figo. Lakini nilizitoa. Maji ya kwanza yalitoka chini ya ndoo ya rangi ya chai, yenye povu. Ya bidoni ya tatu yalitoka safi. Kuanzia hapo mlimau unywe mvua tu, na ukose mbolea yoyote wiki sita, kwa sababu mizizi iliyoungua kwa chumvi ukiilisha unaiua.

Dawa ya chuma yenyewe hana. Hili ni pungufu kwenye biashara yake na nilimwambia. Aliniandikia kwenye karatasi: chuma kilichofungwa, kile cha herufi EDDHA. Akasisitiza herufi zote tano, maana kuna kingine kinaitwa EDTA, cha bei rahisi zaidi, ambacho kinafaa udongo wenye uchachu lakini kwenye udongo kama wangu kinaachia chuma kabla mizizi haijakipata. Mdogo wangu aliye Nairobi alikipata kwa wauza pembejeo wa mashamba ya maua, akanitumia pakiti kwa mtu anayekuja. Akakataa kuniambia bei, jambo ambalo kwetu lina maana yake.

Ni unga wa rangi ya kahawia iliyoiva, ukiutia kwenye maji yanakuwa mekundu kama divai. Ncha ya kijiko kwa lita moja, unamwaga kwenye udongo, si kwenye majani. Angalizo kwa washonaji wenzangu: doa lake halitoki. Nilikoroga kwenye meza ya kukatia, tone moja likaruka, likatua kwenye pindo la gauni la komunyo. Gauni jeupe, la kuchukuliwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Ijumaa. Nilijaribu sabuni, limau (la sokoni, wangu haujazaa), jua. Mwishowe nikashonea ua la satini juu ya doa, na ili lisionekane pekee nikashona mengine sita kuzunguka pindo lote. Mama wa mtoto alifurahi akaniongezea dola 3. Akisoma hapa, naomba asinidai.

Wiki ya tatu tangu nitie unga, majani mapya ya mlimau yalitoka kijani. Hayakuwa ya manjano yaliyopona nusu, yalitoka kijani tangu yakiwa madogo kama kucha. Yale ya manjano ya zamani baadhi yalirudisha rangi kidogo, yaliyokuwa meupe yakaanguka. Kijana alikuwa ameshanionya nisiyahesabu: ukitaka kujua mmea umepona, angalia jani linalozaliwa, acha yale yaliyougua.

Pothos ilikuwa rahisi, sitaieleza sana. NPK 17-17-17, mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ile ile ya wakulima inayouzwa kwa kilo, nusu kijiko cha chai ndani ya lita 5, mara moja kwa mwezi, basi. Kilo moja itanizika. Ua jingine jeupe lenye majani mapana, ambalo nilikuwa na uhakika lina njaa kwa kuwa limelegea na kupauka, alilitoa kwenye chungu, akaninusisha mizizi. Myeusi, inanuka kama mfereji. Lilikuwa linazama. Akakata mizizi iliyooza, akalirudisha kwenye udongo aliouchanganya na kokoto zake za lava, na hilo hakulitoza. Akasema anachokutana nacho zaidi katika nyumba za watu ni maji mengi, njaa inafuata mbali, na watu wakiona jani la manjano wanakimbilia chupa.

Sasa nyota ya tano.

Nina vyungu vitatu vya lile ua la majani marefu yenye mistari myeupe, linalozaa watoto wanaoning'inia, na dracaena moja ndefu kwenye kona ya kupimia nguo. Yote manne yalikuwa na ncha za kahawia, kavu, kama yameguswa na pasi. Kijana aliangalia, akasema: jani la zamani, kingo zimeungua, potasiamu. Akaniuzia pakiti kwa dola 4. Nilitumia miezi miwili kwa nidhamu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa dawa za presha. Ncha ziliendelea kukauka kama kawaida, hata kwenye majani machanga. Nikampigia simu, akaniambia niongeze subira. Nikampigia tena, akaniomba picha, na kwa picha akasema ni kiu. Ushauri wangu: msimlipe kwa picha. Taa ya simu inabadilisha kila rangi, hata mimi vitambaa sivinunui kwa picha.

Kwa heshima yake, mara ya tatu alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alikuwa ameuliza, nadhani kwa mtu aliyesomea kilimo, akarudi na uso wa mtu aliyekosea vipimo vya harusi. Mimea hiyo miwili, ya watoto wanaoning'inia na dracaena, haivumilii floridi, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno. Na floridi hapa kwetu tunaipata bila kuomba: moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, una gesi zake, mvua inazishusha, zinaingia kwenye mapipa yetu. Mabati yanayotoboka kabla ya wakati wake yanajua hadithi hiyo hiyo. Mmea unavuta floridi pamoja na maji, maji yanapaa kwenye jani, floridi inabaki ncha, inaunguza. Hakuna mbolea ya kuongeza hapo. Na udongo ukiwa mchachu mmea unavuta floridi zaidi.

Nikamuuliza sasa nifanye nini, nikijua jibu lolote litaniudhi.

"Tia jivu kidogo, mama."

Jivu! Lile lile lililokaribia kuua mlimau. Nilikwenda kwa mama wa sombe nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaomba kopo. Hakuniuliza lolote, na hilo liliniuma zaidi ya kama angecheka. Kijiko kimoja kwa chungu, nikachanganya juu. Pia sasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi sikingi tena. Naiacha ioshe bati na kwenda zake. Ncha za zamani nilizikata kwa mkasi wa zigizaga, wasaidizi walinisema, lakini zimependeza. Zilizokufa hazifufuki. Majani mapya yanatoka safi, si yote, lakini mengi.

Zile dola 4 za potasiamu hakunirudishia. Alinipa mche wa mnanaa badala yake. Nimebana nyota kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya miezi miwili. Kama angesema tu "hii sijui, nitauliza," ningempa tano na moto ya kurudia.

Wapo watakaouliza mtu anapata wapi moyo wa kupima maji ya ua katika mji huu. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, vioo viwili vya dirisha langu vilivunjika, maji ya bomba yakakatika, tukawa tunachota ziwani kwa bidoni kama zamani. Nilipofungua atelie tena, mlimau ulikuwa umesimama katikati ya vipande vya kioo na jani lake moja halikuwa limeanguka. Sitaki kuueleza zaidi ya hapo.

Basi, kwa anayetaka kwenda: kijana yupo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Nenda na chupa mbili ndogo, moja ya maji unayomwagilia na nyingine ya mvua, pamoja na jani moja la chini na moja la juu kutoka kwenye tawi hilo hilo; atakupima hapo hapo bila dola 5. Kubadilisha udongo ni dola 3 kwa chungu, leta gunia lako la udongo mweusi wa Kibumba kama unalo, maana lake analiuza ghali. Stakabadhi hana. Ataongea sana, mwache aongee. Na ukikiona hapo chungu cha buluu chenye ufa mdogo ubavuni, usikinunue, ni changu, alikiazima mwezi wa sita.